Nahau za Kiingereza Katika Kiswahili cha Kazini: Ni Nani Hulipia Kutoelewana?

Utangulizi

Ofisi nyingi nchini Kenya huendeshwa kwa lugha zaidi ya moja. Barua huandikwa kwa Kiingereza, maagizo ya kila siku hutolewa kwa Kiswahili, na mizaha ya saa ya chai hupigwa kwa lugha za nyumbani au kwa Sheng. Meneja akishamaliza kusoma taarifa yake ya Kiingereza mbele ya wakuu wenzake, hutoka akasimama mbele ya madereva, matarishi, walinzi na wafagizi, akawaeleza mambo yale yale kwa Kiswahili. Hapo ndipo nahau za Kiingereza zinapovuka mpaka. Kama zingevuka na sauti yake ya Kiingereza, kila msikilizaji angezitambua kuwa ni ngeni, na asiyezielewa angeuliza. Badala yake huvuka zikiwa zimevishwa kanzu ya Kiswahili: "mwisho wa siku", "tuwe kwenye ukurasa mmoja", "mpira sasa uko kwenye uwanja wenu", "tufikiri nje ya sanduku".

Lalamiko la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuhusu tafsiri hizi si jipya. Aghalabu hutolewa kwa msingi wa usanifu, yaani kwamba tafsiri hizo zinachafua lugha, zinadhihirisha uvivu wa wasemaji, na zinadunisha hazina ya semi iliyoachwa na wahenga. Makala haya yanashikilia kwamba lalamiko hilo, ijapokuwa lina ukweli ndani yake, limeliacha jambo kubwa zaidi kando. Hasara ya nahau iliyotafsiriwa neno kwa neno haikianguki Kiswahili kwanza. Humwangukia mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yule aliye na cheo cha chini zaidi katika mazungumzo. Kwa hiyo suala hili ni la haki kabla halijawa la ufasaha.

Taswira na makao yake

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yaliyomo. Anayesema kwamba mtu "amekula njama" hazungumzii chakula, na anayesema kwamba kazi "imekwenda mrama" huenda hajawahi kupanda chombo cha baharini. Lakoff na Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari, walionyesha kwamba lugha ya mafumbo si pambo tu la maneno. Watu hufikiri kwayo, na hufikiri kwa vitu walivyoviona, walivyovishika na walivyoviishi. Ndiyo maana kila nahau ina makao yake, na ikihamishwa makao hayo yakaachwa nyuma, kinachobaki ni maneno matupu.

Nahau za Kiingereza cha ofisini zina makao yanayojulikana. Baadhi zimetoka katika michezo. Mfanyakazi wa Kimarekani akisema kwamba "ataguse kituo" na mwenzake, huwa anamaanisha kwamba watazungumza kidogo ili kila mmoja ajue mwenzake amefika wapi. Taswira hiyo hunasibishwa na besiboli, mchezo ambamo mkimbiaji hana budi kugusa vituo vilivyowekwa pembeni mwa uwanja. Anayekubali kushindwa "hutupa taulo", kwa sababu katika ndondi mkufunzi hurusha taulo ulingoni ili pigano lisimamishwe kabla bondia wake hajaumizwa zaidi. Nyingine zimetoka katika ofisi zenyewe za Uingereza. Urasimu unaochosha wananchi huitwa "utepe mwekundu", kwa kuwa nyaraka za serikali na za mahakama nchini humo zilikuwa zikifungwa kwa utepe wa rangi hiyo.

Taswira hizi zikiletwa Nairobi, Eldoret au Kakamega, hukuta taswira nyingine zimeshakaa mahali pake. Nchini Kenya utepe hukatwa na mgeni wa heshima anapozindua zahanati au daraja. Utepe mwekundu, kwa miaka mingi, umekuwa alama ya kampeni dhidi ya UKIMWI. Afisa anayeahidi kwamba wizara yake "itakata utepe mwekundu" huenda akaeleweka kuwa anatangaza sherehe. Vivyo hivyo, "mpira uko kwenye uwanja wenu" ni nahau ya tenisi, mchezo ambao kila mchezaji ana upande wake wa wavu. Wakenya wengi wanaijua zaidi kandanda, na katika kandanda timu mbili hucheza katika uwanja mmoja. Uwanja ukiitwa "wenu", maana yake ni kwamba mechi inachezwa nyumbani kwenu, na mashabiki wamejaa upande wenu. Aliyeambiwa hivyo ana haki ya kudhani kwamba amepewa nafuu. Kumbe anaambiwa kwamba zamu ya kuamua ni yake, na kwamba asipoamua lawama itakuwa juu yake.

Isiyo na maana na yenye maana nyingine

Ni muhimu kutofautisha aina mbili za tafsiri hizi, kwa sababu madhara yake hayalingani. Aina ya kwanza ni ile isiyo na maana yoyote kwa msikilizaji. Anayeambiwa kwa mara ya kwanza "afikiri nje ya sanduku" hajui ni sanduku gani. Aliyesoma shule ya bweni atakumbuka sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, na aliyefiwa karibuni atakumbuka jingine. Hata hivyo, msikilizaji wa namna hii anajua kwamba hajaelewa. Akiwa na ujasiri atauliza, na akikosa ujasiri atamwuliza mwenzake baadaye.

Aina ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni ile ambayo maneno yake tayari yana maana nyingine katika Kiswahili. Mfano ulioenea kuliko yote ni "mwisho wa siku". Kwa Kiingereza fungu hilo lina maana ya "hatimaye" au "mambo yote yakishazingatiwa". Kwa Kiswahili mwisho wa siku ni jioni, jua linapotua. Chukulia kwamba msimamizi wa ghala anawaandikia vibarua: "Mwisho wa siku kila mmoja atawajibikia mzigo aliopokea." Kibarua anayejua Kiswahili vizuri ataelewa kwamba hesabu itafanywa jioni hiyo. Ikipita jioni bila hesabu, ataona kwamba jambo limekwisha. Wiki ya tatu akidaiwa mzigo uliopotea, atashangaa, na msimamizi naye atashangaa kwamba mtu anaweza kushangaa. Katika kisa kama hiki aliyeielewa sentensi kwa usahihi ndiye anayehesabiwa kuwa amekosa.

Hali kadhalika, matangazo mengi husema kwamba mkutano au mafunzo "yatachukua nafasi" siku fulani. Katika Kiswahili, kuchukua nafasi ni kukaa mahali palipokuwa pa mwingine. Mfanyakazi anayesoma kwamba mafunzo yatachukua nafasi Jumatatu anabaki akijiuliza ni nafasi ya nini: ya kazi za Jumatatu, au ya likizo aliyoombewa? Kiswahili kina vitenzi vyepesi kwa jambo hili: mkutano hufanyika, mafunzo hufanywa, sherehe huwa. Wala hakuna haja ya msemaji kila anapopewa kipaza sauti "kuchukua nafasi hii kumshukuru" mwenyekiti. Anaweza kumshukuru tu, na mwenyekiti atapokea shukrani zake.

Mwenye cheo na asiye na cheo

Mtu anaweza kusema kwamba kutoelewana ni jambo la kawaida, na kwamba asiyeelewa na aulize. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ofisi ingekuwa baraza la watu sawa, na sivyo ilivyo. Anayetumia nahau ni msimamizi, na anayetarajiwa kuuliza ni mtu ambaye kuuliza kwake kunaweza kuchukuliwa kuwa ni ujinga au ukaidi. Nahau ya Kiingereza aghalabu hujifunzwa pamoja na elimu ya usimamizi, katika vitabu na warsha za Kiingereza, hata ikawa kama beji ya cheo. Kuitamka ni kuonyesha kwamba mtu amesoma. Kuuliza maana yake ni kukiri kwamba hakusoma. Ndiyo sababu vichwa vingi hutikisika vikutanoni kwa kukubali, na kazi ikaharibika baada ya mkutano.

Hakuna mahali jambo hili linapouma kuliko pale mtu anapopoteza kazi. Kiingereza cha ofisini kina tasfida nyingi za kulificha tukio hilo, na mojawapo ni kusema kwamba mwajiri "anamwachilia" mfanyakazi. Katika Kiswahili kuachiliwa ni heri. Huachiliwa mfungwa, huachiliwa mateka, huachiliwa ndege kutoka mtegoni. Mlinzi wa lango anayeambiwa kwa upole "kampuni imeamua kukuachilia" anaweza kabisa kudhani kwamba amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani mapema.

Sheria ya Kenya imeliona tatizo hili kwa uwazi ambao wanalugha wangepaswa kuuonea fahari. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili amweleze kwanza sababu hiyo kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Mfanyakazi ana haki pia ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Ikumbukwe kwamba sheria haikutaja Kiswahili wala Kiingereza. Ilitaja kuelewa. Maelezo yaliyotolewa kwa maneno ya Kiswahili lakini kwa taswira zisizojulikana na msikilizaji yametimiza umbo la sharti hilo huku yakiliacha lengo lake.

Hali hii ina uzito zaidi tangu Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo kilikithibitisha Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kikakifanya pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni dhahiri kwamba hadhi hiyo haiwezi kutimizwa na Kiswahili ambacho ni kivuli cha waraka wa Kiingereza. Mara nyingi waraka hufikiriwa, huandikwa na huidhinishwa kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa mtu yeyote aliye karibu "auweke katika Kiswahili" kabla ya saa sita. Mtu huyo hapewi muda wa kufikiri, naye hufanya awezalo: hubadilisha neno kwa neno. Lawama yote haifai kuangukia kichwa chake.

Semi za kazi zilizozaliwa katika Kiswahili

Wapo wanaodhani kwamba nahau za Kiingereza huvutwa ofisini kwa kuwa Kiswahili, lugha ya mashairi na ya mwambao, hakina msamiati wa mafumbo ya kazi za kisasa. Ushahidi unakanusha dhana hiyo. Mkutano ukimalizika watu hukunja jamvi. Rasimu isiyopendeza hupigwa msasa. Pendekezo lisilojaliwa hutiwa kapuni. Anayekubali jambo bila kuridhika hulikubali shingo upande, na anayesifiwa kwa hila na mkubwa wake amevishwa kilemba cha ukoka. Mtu anayetaka huduma ya haki akaambiwa kila mara "njoo kesho" anaujua urasimu bila kuhitaji utepe wa rangi yoyote. Waingereza walitoa mafumbo mengi katika jahazi zao. Waswahili nao walikuwa mabaharia, na usukani, nanga, tanga na mrama vimekuwa vikisemea mambo ya nchi kavu kwa muda mrefu. Kamusi ya misemo na nahau iliyotungwa na K. W. Wamitila inatosha kumwonyesha mwenye shaka ukubwa wa ghala hili.

Tena semi hizi zina mtazamo wake. Aliyefukuzwa kazi kwa Kiswahili amepigwa kalamu au amemwaga unga. Katika usemi wa kwanza kuna kalamu, na pasipo mkono kalamu haiendi, kwa hiyo msikilizaji anajua kwamba kuna mtu aliyeamua. Katika wa pili kuna unga, yaani chakula cha watoto, na msikilizaji anaiona mara moja hasara iliyo nyumbani. Ni kweli kwamba usemi huu wa pili unaelekea kumtwika mfanyakazi lawama, kana kwamba ameumwaga mwenyewe, na kwa hiyo si kila mahali unafaa. Hata hivyo, semi zote mbili zinalitazama tukio kutoka upande wa aliyepoteza. "Kumwachilia" hulitazama kutoka upande wa mwajiri, na huwaficha aliyeamua na kilichopotea. Kwa hiyo anayetafsiri nahau huhamisha pamoja nayo mahali pa kusimama.

Isitoshe, kazi za Wakenya bado zinazaa semi mpya. Mafundi waliofanya kazi nje bila paa walilipa taifa neno "jua kali". Neno hilo lilianza kama maelezo ya mahali pa kazi, likawa jina la sekta nzima, hata likaingia katika waraka wa sera wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo. Wataalamu wa uchumi wanaoandika kwa Kiingereza hulitumia vivyo hivyo, bila kulitafsiri. "Harambee", mwito wa watu wanaovuta mzigo kwa pamoja, umeandikwa katika nembo ya taifa. Lugha iliyoweza kuitolea nchi maneno haya kutoka jasho la wachapa kazi haiwezi kudaiwa kuwa haina msamiati wa kazi.

Si kila mgeni ni mwizi

Pamoja na hayo, haingefaa kuhitimisha kwamba kila nahau iliyotoka Kiingereza ifukuzwe. Lugha zote hukopa, na Kiswahili kimekopa kwa faida kubwa. Mtu akisema kwamba ameua ndege wawili kwa jiwe moja, anaeleweka na mchungaji wa Laikipia na mchuuzi wa Kongowea, kwa kuwa jiwe na ndege vipo kote. Mtu akisema kwamba kiongozi amenawa mikono katika kashfa, anaeleweka kwa sababu kisa cha Pilato kimesomwa katika Biblia ya Kiswahili kizazi baada ya kizazi. Nahau hizi zimepata makao. Mgeni wa namna hii ameshakuwa mwenyeji.

Kwa upande mwingine, si kila nahau ya asili inafaa ofisini. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kujichunguza. Iko tabia, iliyolelewa na mitihani ya insha, ya kudhani kwamba Kiswahili bora ni kile kilichojazwa semi nzito. Afisa mchanga aliyetoka chuoni anaweza kukataa kusema "tuseme ukweli" akasema "tupasue mbarika". Kwa mzaliwa wa Lamu huenda hilo likawa tamu. Kwa dereva aliyekulia Kericho, ambaye hajui mbarika ni mmea gani, "mbarika" na "sanduku" ni mamoja: yote mawili yanamwambia kwamba mazungumzo haya hayakukusudiwa yeye. Kumwondolea msikilizaji fumbo la Kiingereza na kumpa fumbo la Kiswahili asilolijua si kumsaidia.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa asili ya nahau peke yake. Nida, katika kazi yake ya mwaka 1964 kuhusu tafsiri, alisisitiza kwamba tafsiri ipimwe kwa namna inavyopokewa na hadhira yake, badala ya kupimwa kwa kufanana kwa maumbo tu. Kanuni hiyo inaweza kuletwa kazini kwa maswali matatu. Kwanza, je, vitu vilivyotajwa katika nahau vinajulikana na anayeambiwa? Pili, je, maneno hayo hayana maana nyingine katika Kiswahili inayoweza kumpotosha? Tatu, je, nahau hiyo inamfafanulia msikilizaji jambo au inamficha jambo? Nahau ikifaulu maswali yote matatu, itumike, iwe imezaliwa Pate au London. Ikishindwa hata moja, neno la kawaida lichukue nafasi yake, na hapo ndipo "kuchukua nafasi" kunapotumika kwa haki.

Hitimisho

Wengi wa wanaosoma Kiswahili vyuoni leo hawatakuwa washairi. Watakuwa walimu, wanahabari, watafsiri, makarani wa mahakama, maafisa wa kaunti na wasimamizi wa wafanyakazi. Wao ndio watakaokabidhiwa ule waraka unaotakiwa kabla ya saa sita. Idara za Kiswahili zinaweza kuwaandaa kwa mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuyaingiza maandishi ya kazini, kama vile barua za onyo, mikataba, matangazo na kumbukumbu za mikutano, katika mazoezi ya kozi za tafsiri, ambako mara nyingi matini za fasihi ndizo zinazotawala. La pili ni kuwatuma wanafunzi wakakusanye semi zinazotumika bandarini, katika mashamba ya majani chai, katika karakana za jua kali na katika vituo vya matatu, ili kamusi za kesho zisiishie kwenye semi zilizorithiwa tu.

Vyama vya wanafunzi navyo vina nafasi yake. Badala ya kuandaa kila mwaka mjadala kuhusu nani anakiharibu Kiswahili, vinaweza kujitolea kuzisomea ofisi za umma zilizo jirani matangazo yao ya Kiswahili kabla hayajabandikwa, na kuuliza juu ya kila sentensi swali moja: je, mlinzi wa lango akilisoma tangazo hili peke yake usiku, ataelewa kile kile alichokusudia aliyeliandika? Pale jibu litakapokuwa la, sentensi hiyo iandikwe upya, hata kama kila neno lililomo ni Kiswahili sanifu.